Utumbo una umeme kweli? Na kile kichuma cha kushika kinapima nini?

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, tena pembeni, kwamba mfuko wa chakula na utumbo vina mapigo yake ya umeme na wapo watu wanaoyapima, basi mmenijazia meseji mpaka simu inaganda. Nimechagua chache, majina nimeyatoa nimeacha mitaa. Kwa wageni wa ukurasa huu: mi ni mwandishi wa afya, sio daktari, simwandikii mtu dawa hapa.

SWALI: Shikamoo anko. Bi mkubwa wangu ana miaka 61, ana sukari ya muda mrefu, imeshapita miaka kumi. Miezi ya karibuni akila vijiko vitano vya ubwabwa anasema kashiba, tumbo linajaa linakuwa gumu, alafu usiku anatapika chakula cha mchana, unakiona kabisa bado kipo vile vile. Juzi kati kuna watu waliweka meza na laptop karibu na stendi wanapima mwili mzima, unashika kichuma mkononi dakika moja tu mashine inatoa karatasi. Ya mama imesema umeme wa utumbo uko asilimia 38 na ini lina sumu, wakamuuzia vidonge na unga wa kukoroga kwenye maji, laki mbili na themanini. Bado anatapika. Hivi utumbo una umeme kweli au tumepigwa? (Binti wa Tabata)

JIBU: Marahaba binti. Yote mawili ni kweli, utumbo una umeme na mama kapigwa.

Tuanze na umeme. Kwenye ukuta wa mfuko wa chakula na wa utumbo, katikati ya tabaka za misuli, kuna seli zinaitwa seli za Cajal, jina la Mhispania Santiago Ramón y Cajal, yule wa Nobel ya 1906, ambae aliziona kwenye hadubini akazichora akidhani ni aina fulani ya neva. Kazi yake hasa ilikuja kueleweka miaka mingi sana baadae: ndizo zinazoanzisha mapigo. Kila baada ya sekunde kadhaa linatoka wimbi la umeme linashuka kuelekea chini, na halisubiri ubongo useme ndio, linatoka humo humo ndani. Kwenye mfuko wa chakula ni mawimbi 3 hivi kwa dakika. Ukivuka kuingia utumbo mwembamba yanapanda mpaka kama 12, alafu yanapungua kadri unavyoshuka, mwishoni mwa utumbo mwembamba ni kama 8. Utumbo mpana wenyewe hauna adabu, mapigo yake hayatulii sehemu moja na ndio mgumu kuusoma kuliko wote.

Sasa hapa ndo watu wanapochanganya. Wimbi lile peke yake halisukumi chakula. Chukulia mdundiko unapita mtaani, ngoma inapigwa muda wote ila watu hawachezi muda wote, lakini wakiamua kucheza lazima wafuate mdundo ule ule. Wimbi ndio ngoma, misuli ndio wachezaji, na anaewaambia sasa chezeni ni neva za tumboni pamoja na homoni na chakula chenyewe kilichoingia. Kwahiyo kuna magonjwa mawili tofauti kabisa hapo: ngoma kuharibika, na ngoma kuwa nzima lakini misuli haiitikii. Mgonjwa atakuambia kitu kile kile, tumbo limejaa.

Kwa mtu mwenye sukari ya miaka mingi, hasa ikiwa haikuwa inashikika vizuri, seli za Cajal zinapungua na ile neva kubwa inayotoka kichwani kushuka tumboni nayo inaumia. Mfuko wa chakula unapoteza mpangilio, mapigo yanaweza kushuka chini ya 2 kwa dakika au yakapita 4, au yakawa hayana mpangilio wowote, chakula kinakaa humo masaa na masaa. Hicho ulichoeleza, kushiba haraka na kutapika usiku chakula cha mchana, kinaelekea huko, ila sio lazima kiwe hicho, nitarudi hapo.

Kupima inawezekana na sio jambo la jana. Mtu wa kwanza kurekodi umeme wa mfuko wa chakula wa binadamu kwa kuweka elekitrodi (kile kibandiko cha kunasa umeme) juu ya ngozi ni daktari Walter Alvarez wa San Francisco, Marekani, mwaka 1921. Alimpata mama mzee mdogo mwembamba ambae ukuta wa tumbo lake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukikaa ukamtazama unayaona mawimbi yanapita kwa macho, kwahiyo alichokiona kwenye mashine angeweza kukilinganisha na anachokiona tumboni. Mapigo yalikuwa yale yale, 3 kwa dakika. Napenda sana hii habari kwasababu jamaa hakutaka tu mashine iseme, alitaka na jicho lishuhudie.

Na mpaka leo kipimo kile kinafanywa kwa taratibu hiyo hiyo ya uvumilivu: unalala na njaa tangu usiku, asubuhi unabandikwa elekitrodi tumboni, unalala tuli nusu saa au zaidi hujala, unapewa chakula, alafu unalala tena muda mrefu warekodi baada ya kula, maana kwa mtu mzima wa afya wimbi linatakiwa likue likisha pata chakula na kwa mgonjwa mara nyingi halikui. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Auckland kule New Zealand wametengeneza karatasi ya kubandika yenye elekitrodi 64, 8 kwa 8, na kipimo chao kinakaribia masaa manne na nusu huku mgonjwa anaandika kila anachokisikia, kichefuchefu saa ngapi, kujaa saa ngapi. Kipimo hicho ni cha mfuko wa chakula.

Sasa rudi kwenye kichuma. Dakika moja. Mawimbi 3 kwa dakika maana yake hata kama kingekuwa kinasikia, kingesikia mawimbi matatu kikafunga kazi. Alafu kimeshikwa mkononi, na umeme wa mfuko wa chakula ukifika kwenye ngozi ya tumbo lenyewe, palepale juu yake, umeshakuwa maikrovolti 50 mpaka 500 hivi, wakati umeme wa moyo kwenye ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, unafika milivolti 1, yani maikrovolti 1,000. Misuli ya kiganja kinachobana chuma ina kelele za kutosha kufunika hiyo habari yote. Na kubwa kuliko yote, asilimia 38 ya nini? Anaepima umeme wa tumbo anakupa mapigo mangapi kwa dakika, yana mpangilio kwa muda gani, na yamebadilikaje baada ya kula. Hakupi maksi kama mtihani wa darasa la saba. Ukitaka kujiridhisha mpeleke mtu mmoja apime mara mbili, mara ya pili ataje umri na uzito wa uongo, alafu kaa chini ulinganishe zile karatasi.

Kuhusu mama: mpeleke hospitali yenye kamera ya kuingiza kupitia mdomoni, kwa sasa Dar zipo kadhaa, Muhimbili wakiwemo. Kabla mtu hajasema mapigo ya mfuko yamelegea lazima waangalie kwanza njia ya kutokea chakula haijaziba, maana kidonda cha tumbo cha zamani kikipona na kovu kinaweza kubana mlango ule, na uvimbe nao unaweza, na dalili ni hizo hizo. Apimwe sukari, figo na chumvi za damu, potasiamu hasa, ikishuka utumbo wote unalegea. Beba dawa zote anazokunywa pamoja na ule unga, usiuache nyumbani kwa aibu, daktari anahitaji kuuona. Njia ikionekana iko wazi ndo wataanza kuzungumzia mfuko uliolegea, na hapo kuna dawa na kuna chakula: kidogo kidogo mara nyingi, laini, mafuta kidogo, uji na supu vinapita kirahisi kuliko wali mkavu na nyama. Na kama anachoma insulini alafu anatapika, hilo usisubiri miadi, sukari yake inaweza kushuka ghafla kwasababu dawa imeingia na chakula hakijapita.

SWALI: Kaka mambo. Mi fundi wa redio na TV Kariakoo miaka mingi. Umesema kuna umeme tumboni, nikachukua mita yangu nikaweka milivolti, nikabandika waya mbili tumboni, namba zinacheza tu zinapanda zinashuka. Ndo umeme wenyewe au? Na naweza kuunda kimashine? (Fundi, Kariakoo)

JIBU: Poa fundi. Hapana, sio wenyewe, ila umenifurahisha.

Ulichokiona ni chuma na jasho. Waya ikigusa ngozi yenye unyevu panatengenezwa volti ndogo hapo hapo kwenye mgusano, inaweza kufika makumi ya milivolti, na inahama hama kila ukipumua au jasho likiongezeka. Unachokitafuta ni maikrovolti mia hivi, kimezama chini ya hiyo. Juu yake weka TANESCO, mwili wako ukiwa kwenye chumba chenye nyaya unaokota ile 50 Hz ya ukutani, yani mitikisiko 50 kwa sekunde. Hiyo 50 Hz wala sio tatizo kubwa, utaichuja, wimbi unalolitaka ni la polepole mno, 3 kwa dakika ni 0.05 Hz, kwahiyo ukikata kila kitu cha juu moyo unaondoka na TANESCO anaondoka.

Tatizo ambalo chujio haliwezi ni pumzi. Hesabu mwenyewe: utumbo mwembamba unapiga kama 12 kwa dakika. Mtu aliyetulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Zimekaa sehemu moja! Kila pumzi inasogeza ukuta wa tumbo na elekitrodi zake, unapata wimbi zuri kabisa la 0.2 Hz unashangilia kumbe ni mapafu. Ndio maana wanaorekodi kwa umakini wanapima na pumzi pembeni wakati huo huo ili waitoe, na ndio maana kwenye ngozi mfuko wa chakula unasomeka na utumbo unasumbua. Kuna ugumu mwingine, utumbo mwembamba una urefu wa mita kadhaa umejikunja kunja humo, kila kipande kina kasi yake kidogo, ukiwa nje unasikia vyote kwa mpigo. Rekodi safi kabisa za utumbo zimepatikana mgonjwa akiwa amefunguliwa kwenye operesheni, wanalaza elekitrodi nyingi ndogo juu ya utumbo wenyewe wanaona wimbi linaanzia wapi linaelekea wapi, na kwa njia hiyo hiyo kwenye mfuko wa chakula ndo waligundua kwamba kwenye ugonjwa kasi inaweza kuonekana ya kawaida kabisa kumbe wimbi linazunguka au linarudi nyuma. Kwenye ngozi na elekitrodi mbili tatu hilo hulioni.

Kuunda unaweza, kwa kujifunza, ukiwa na ampulifaya nzuri ya vipimo na elekitrodi za kubandika za ECG badala ya waya mtupu. Sharti moja tu: betri. Usije ukajiunganisha mwili na kitu chochote kilichochomekwa ukutani, hata chaja ya laptop, na usimfanyie mteja.

SWALI: Mke wangu kajifungua kwa kisu. Kila asubuhi nesi akipita swali la kwanza ni "umejamba?", tena kwa sauti, mbele ya mama mkwe wangu. Ni lazima? Hakuna kipimo cha heshima zaidi? (Baba wa Kigamboni)

JIBU: Hongera baba, mtoto akue. Na mwambie mama mkwe avumilie kwasababu ule ushuzi ndio kipimo.

Tumbo likifunguliwa, utumbo ukashikwa shikwa, ukichanganya na dawa kali za maumivu kama pethidine au morphine, utumbo unazira. Ngoma mara nyingi inaendelea kupiga lakini wachezaji wamekaa chini. Hawaamki wote pamoja: utumbo mwembamba unaamka mapema, ndani ya siku ya kwanza, mfuko wa chakula unafuata siku moja mpaka mbili, na wa mwisho ni utumbo mpana, siku mbili mpaka tatu. Kwahiyo hewa ikitoka chini ina maana aliyechelewa kuliko wote ameamka, na njia nzima iko wazi kutoka juu mpaka chini. Hamna mashine ya wodini inayokupa jibu hilo kwa bei hiyo. Watafiti wamejaribu kuacha elekitrodi kwenye utumbo baada ya upasuaji waone unaamkaje, wamejifunza mengi, ila kwa mgonjwa wa wodini bado nesi anashinda.

Kwa upasuaji wa uzazi wengi huamka haraka kuliko operesheni za utumbo wenyewe, na hospitali nyingi siku hizi zinaruhusu kula mapema. Kutembea kunasaidia mwili kwa ujumla, na kutafuna bigijii, amini usiamini, kumefanyiwa tafiti nyingi kwa akina mama waliopasuliwa na walipata hewa mapema zaidi, ni kwamba mdomo ukitafuna tumbo linadhani chakula kinakuja. Muulize nesi kwanza kama anaruhusiwa. Kitu cha kuogopa ni tumbo linaloongezeka kuvimba, kutapika maji ya kijani, na siku tatu hamna hewa wala choo. Hapo sema kwa sauti kubwa kuliko ya nesi.

SWALI: Kwanini nikifunga tumbo linanguruma kweli kweli kuliko siku nakula? Kuna ustadhi kaniambia ni minyoo. (Sinza)

JIBU: Minyoo waache wapumzike. Usipokula, kila dakika 90 mpaka 120 linapita wimbi kubwa la mikazo, linaanzia juu kwenye mfuko wa chakula linashuka taratibu mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, linasukuma mabaki, makamasi na bakteria. Joseph Szurszewski ndie aliyelieleza vizuri mwaka 1969, kwa kurekodi umeme wa utumbo wa mbwa wenye njaa. Ukila tu linakatika, mpangilio unabadilika kuwa wa kusaga. Sauti ni hewa na maji vinasukumwa kwenye bomba tupu. Ndio maana daktari akiweka kile kisikilizio tumboni kwa mgonjwa wa tumbo akakuta kimya kabisa anakunja uso, kelele zako ni afya.

SWALI: Nasoma fizikia chuo. Niliwahi kusoma kwamba Marekani wanapima utumbo kwa sumaku bila kugusa ngozi. Je ni kweli, na kwanini wahangaike hivyo kama elekitrodi zipo? (Mwanafunzi, Changanyikiwa)

JIBU: Ni kweli, na hili ndio swali nililokuwa nalisubiria.

Unajua kwamba mkondo wa umeme ukipita unazungukwa na sumaku. Umeme wa utumbo ukipita kwenye mafuta na ngozi unapotoka potoka, mtu mwenye kitambi unakuwa karibu umekufa ukifika nje. Usumaku wake unapenya vizuri zaidi. Shida ni udogo: ni kiwango cha pikotesla (tesla ndio kipimo cha nguvu ya sumaku), na usumaku wa dunia hii tuliyokaa ni makumi ya maikrotesla, yani dunia inaizidi sauti ya utumbo mara mamilioni. Kwahiyo unahitaji kifaa kinaitwa SQUID, kinafanya kazi kikiwa kimezamishwa kwenye heliamu ya kimiminika ambayo inachemka nyuzi 269 chini ya sifuri, na mara nyingi mgonjwa analazwa kwenye chumba kilichofunikwa kuta ili lifti na magari ya nje yasiingilie. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, ndio wamekomaa sana na hii kazi, wakiwa na madaktari wa upasuaji na wanafizikia meza moja.

Kwanini wahangaike: kwasababu ya utumbo kukosa damu. Huu ugonjwa ni mbaya jamani. Mtu mzima, mara nyingi ana moyo unaopiga bila mpangilio, kidonge cha damu iliyoganda kinatoka kwenye moyo kinakwenda kuziba mshipa mkubwa unaolisha utumbo. Anaumwa tumbo mpaka anabingirika, daktari anabonyeza tumbo anakuta laini tu, hamna kitu, eksirei haisemi, vipimo vya damu vya mwanzo vinaweza kuwa vya kawaida. Wanampa dawa ya gesi. Baada ya masaa 6 mpaka 12 hivi utumbo unaanza kuoza, na hapo ndo tumbo linakuwa gumu na kila mtu anaona, wakati umeshapita. Wengi wanaofikia hatua hiyo wanakufa.

Lakini zile seli zinazopiga ngoma hazivumilii kukosa oksijeni. Damu ikikatika kasi ya mapigo inaanza kushuka mapema, kabla utumbo haujafa. Watu wa Vanderbilt walifanya kwa sungura miaka ya 1990, wakakata damu ya utumbo huku SQUID iko juu ya tumbo lililofungwa, wakaona kasi inashuka wakiwa nje kabisa bila kupasua. Ile ni nzuri mno. Kuna kipindi kinapita kati ya ngoma kupungua na nyama kuoza, na ukikidaka hicho kipindi unaokoa mtu.

Mbona basi haipo hospitali? Heliamu ni ghali na inavukiza, chumba ni ghali, mgonjwa mwenyewe anabingirika kwa maumivu na wewe unataka alale kama mti. Na siku hizi siti skani ya mishipa ya damu yenye dawa ya kuchoma inauona mshipa ulioziba moja kwa moja kwa dakika chache, kwahiyo kwa sasa ndio inayotumika, na mi kwa maoni yangu kwa nchi kama yetu siti skani yenye mtu wa kuisoma usiku wa manane ina faida kuliko SQUID kumi. Ila kama fizikia ndo kitu chako, vipo vihisio vipya vya usumaku visivyohitaji baridi ile, vinatumia mvuke wa atomi na mwanga wa leza. Bado vinataka kukingwa na usumaku wa nje, lakini bila heliamu. Mwenye miaka ishirini sasa hivi anaweza kuikuta hiyo kazi ikimsubiri.

Na kwa wasomaji wengine: mzee wako mwenye matatizo ya moyo akipata maumivu makali ya tumbo ya ghafla, yasiyolingana na tumbo lenyewe linavyoonekana, taja moyo wake ukifika mapokezi. Usiseme tumbo tu.

SWALI: Samahani dada au kaka. Mwanangu wa kiume ana wiki tatu. Choo cha kwanza kilitoka siku ya nne. Toka hapo hapati choo mpaka nimuwekee kipande cha sabuni, tumbo limevimba linang'aa, jana katapika rangi ya kijani. Bibi anasema ni chango nimpe dawa ya mizizi. Umeme wa tumbo lake una shida? (Mama wa kwanza, Mbagala)

JIBU: Mama, hii meseji yako nimeshakujibu kwa simu siku ile ile, naiweka hapa kwa ajili ya wengine.

Mtoto aliyetimiza miezi anatakiwa atoe choo kile cheusi ndani ya masaa 24, na karibu wote wanakuwa wametoa ndani ya 48. Siku ya nne ni kuchelewa. Kuna ugonjwa wa Hirschsprung, daktari wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886, unapata kama mtoto 1 kwa kila 5,000 na wa kiume ni wengi zaidi. Mtoto anazaliwa kipande cha mwisho cha utumbo hakina neva zake kabisa. Kipande kile kimebana hakilegei, choo kinajikusanya juu yake. Kipimo chake kimojawapo wanaweka kiputo kidogo kwenye njia ya haja kubwa wanakijaza, kwa mtoto mzima misuli ya ndani inalegea yenyewe, kwa mwenye ugonjwa hailegei. Jibu la uhakika ni kukata kinyama kidogo wakiangalie kama neva zipo. Tiba ni upasuaji wa kutoa kile kipande, unafanyika hapa hapa Dar, na watoto wengi wanaendelea na maisha.

Inaweza isiwe hiyo. Lakini kutapika kijani kwa mtoto mchanga na tumbo lililovimba ni dharura, iwe Hirschsprung, iwe utumbo uliojisokota, iwe kitu kingine, na homa au harisho lenye harufu kali likiongezeka inakuwa mbio. Hospitali leo hii hata kama ni usiku, sio zahanati ya mtaa, nenda panapopasua watoto au wakupe rufaa ya haraka. Ukifika waambie hivi vitatu kwa mpangilio huu: choo cha kwanza siku ya nne, tumbo limevimba, katapika kijani. Asinyonye njiani mpaka wamuone, mfunike apate joto. Mizizi asipewe hata tone, na sabuni acha kuanzia sasa.